Miwani ya VR, kishikwambi, sauti au kivuli cha mwembe: kipi kimfae mgonjwa wa kemo?

Jirani yetu hapa Ujiji, Kigoma, ana mke anayeanza kemo, yaani dawa za saratani za kutiwa mshipani, mwezi ujao, Mwanza. Kijana wao aliyeko Dar es Salaam amesema atatuma hela inunuliwe miwani ya VR, ile unayovaa usoni ukajiona uko msituni au ufukweni, kwa kuwa amesikia inawatuliza wagonjwa wakiwa kwenye dripu. Mzee akaja kuniuliza: "Mwanangu, wewe umemuuguza mama yako mdogo. Hela hii iende huko, au tuiweke kwenye nauli na chakula?"

Nilimjibu nikiwa nimesimama mlangoni, na jibu likatoka nusunusu. Naliandika lote hapa, maana najua si yeye peke yake anayeuliza.

Nianze na hili ili tusidanganyane: hakuna mandhari, ya kwenye miwani wala ya kweli, inayotibu saratani. Haipunguzi uvimbe, na haichukui nafasi ya dawa za kuzuia kutapika kama ondansetron. Inachopunguza ni urefu wa saa. Mwaka 2007 Susan Schneider na mwenzake, wa Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 123 wa saratani ya matiti, utumbo mpana na mapafu. Kila mmoja alipata dripu moja akiwa amevaa miwani ya VR na nyingine bila miwani. Walipoivaa, muda waliuona mfupi kuliko ulivyokuwa. Lakini uchovu na kero nyingine za dawa, zilipopimwa hapohapo na tena baada ya siku mbili, hazikuonyesha tofauti ya maana. Naliamini jibu hilo kwa sababu ndilo nililoliona kwa macho yangu.

Siku ya dripu inavyokwenda

Anayechagua kifaa bila kuijua siku ya dripu atachagua vibaya. Mama mdogo alipata kemo nane kwa saratani ya titi, kila baada ya siku 21, nasi tukawa watu wa barabara ya Kasulu, Kibondo, Nyakanazi mpaka Mwanza. Nne za kwanza zilikuwa na doxorubicin, ambayo wagonjwa wenyewe wanaiita dawa nyekundu. Hii haitundikwi ikaachwa. Muuguzi anakaa ubavuni na bomba la sindano, anaisukuma polepole huku akiuangalia mkono, kwa sababu ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Mgonjwa akihisi moto mkononi anatakiwa aseme papo hapo.

Nne za mwisho zilikuwa paclitaxel, dripu ya karibu saa tatu. Hatari yake iko mwanzoni: mzio ukitokea, mara nyingi hutokea ndani ya dakika chache za kwanza, kifua kinabana na uso unapata moto.

Kwa hiyo zipo dakika ambazo mgonjwa lazima awepo, azungumze, muuguzi aone uso wake. Halafu zipo saa ndefu ambazo hana la kufanya ila kuhesabu matone. Mandhari ni ya hizo saa za pili. Nimekuta watu wanaozungumzia VR kana kwamba unaivaa ukiingia na kuivua ukitoka, na hilo ni kosa linaloweza kuumiza mtu.

Miwani kamili

Hapa nasema miwani kama Meta Quest 3S au Pico 4, yenye kompyuta yake ndani, isiyohitaji simu wala waya. Ukigeuka, unaona upande mwingine wa mandhari. Ukiinama kuchungulia, unaona kilicho chini ya tawi. Hakuna kifaa kingine kinachomtoa mtu chumbani kama hiki.

Tuliazimwa na mwanafunzi mmoja wa chuo, tukaitumia kwenye dripu ya tano, baada ya zile dakika za mwanzo kupita na muuguzi kuridhika. Nilimchagulia mama mdogo msitu wenye kijito, akiwa ameketi. Kwa muda hakusema kitu. Kisha akainua mkono wa kushoto, ule usio na kanula (kibomba cha dripu mshipani), akaupeleka mbele taratibu, vidole vimekunjuka, kama mtu anayesogeza tawi apite. Akaniuliza, "Maji haya yanatoka upande gani?" Nilikuwa nimemshika goti. Alipovua, dakika ishirini zilikuwa zimepita, naye akadhani ni tano.

Nguvu yake kubwa zaidi iko kwenye maumivu mafupi. Hunter Hoffman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, waliwatengenezea majeruhi wa moto ulimwengu wa theluji wa kuingia wakati vidonda vinasafishwa, na maumivu waliyoyasimulia yalipungua. Kwa mgonjwa wa kemo, saa inayofanana na hiyo ni ya kutafuta mshipa. Mishipa ya mama mdogo ilikuwa imechoka. Kuchomwa mara mbili tatu ilikuwa kawaida. Kama muuguzi amekubali na mgonjwa haogopi kuguswa bila kuona, dakika tano za miwani hapo zina faida kuliko saa nzima baadaye.

Sasa gharama zake, na sisemi za fedha tu.

Ina uzito wa karibu nusu kilo. Fikiria pakiti ya sukari ya nusu kilo imefungwa usoni kwa mkanda, juu ya kichwa ambacho nywele zinatoka na ngozi inauma ikiguswa. Kwa anayevaa ushungi, mkanda unateleza. Sisi tulimvalisha kofia laini ya pamba kwanza, mkanda juu yake, kisha mtandio tukauzungusha kwa nyuma. Hata hivyo nusu saa ilikuwa mwisho wake.

Ina kizunguzungu. Macho yanasema unakwenda, masikio kwa ndani yanasema umekaa, na tumbo ndilo linalolipa. Tumbo la mgonjwa wa kemo halina cha kulipa. Chagua mandhari ambayo ardhi imetulia: umeketi kando ya mto, au chini ya mti. Achana na zile za kuruka juu ya milima, za kupanda boti na za kutembea kwa kubonyeza kitufe. Aliyekwisha anza kutapika asivalishwe kabisa. Mwenye uvimbe kwenye ubongo au aliyewahi kupata degedege, mpaka daktari wake aseme.

Ina vitufe. Paclitaxel inaleta ganzi kwenye vidole, na kufikia dripu ya saba mama mdogo alikuwa akifungwa vifungo vya nguo. Usimpe rimoti atafute mwenyewe. Vaa wewe kwanza, fungua mandhari, kisha mvalishe ikiwa tayari. Kwa watoto, mtengenezaji wa Quest ameweka umri wa chini kuwa miaka 10, na wadogo zaidi wana njia zao nzuri za kupitisha muda.

Tena ina jasho, na hapa nawaomba msione haya. Chembe nyeupe za damu hushuka sana karibu siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dripu, na mwili unabaki bila mlinzi. Sponji inayogusa uso hunywa jasho na mate ya kikohozi, kisha inahamia kwa mgonjwa mwingine. Kama miwani ni ya wodi au ya kuazima, uliza inasafishwaje. Inatakiwa iwe na kifuniko cha silikoni badala ya sponji, kifutwe kila baada ya mtu mmoja. Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu tu, spiriti inaziharibu.

Betri hukaa saa mbili hadi tatu. Mandhari ipakuliwe nyumbani kabla ya safari, kwa sababu video hizi zinakula bando kama moto wa kiangazi.

Miwani ya kutia simu

Ile ya plastiki au boksi unayochomeka simu mbele. Kwa upande wa miwani tulianzia hapa kwa kuwa ilikuwa rahisi, na majuto yangu ndiyo hayo. Simu inafuata kichwa kikigeuka lakini haijui ukisogea mbele au ukiinama, na picha inachelewa. Kichwa kimefika, msitu bado unakuja. Ucheleweshaji ukizidi kama milisekunde 20 tu, ubongo unaanza kuushtukia. Mama mdogo alitapika kabla dripu haijaanza, nami ndiye niliyemvalisha.

Google ndiyo iliyoieneza aina hii mwaka 2014 kwa boksi lake la Cardboard, na mwaka 2021 ikaacha kuliuza. Kwa mtu mzima mwenye afya anayetaka kuonja VR, sawa. Kwa mgonjwa wa kemo, usinunue, na ukipewa bure mshukuru aliyekupa uiweke kabatini.

Kishikwambi

Ndiyo tableti. Neno hili lilituingia wengi midomoni wakati wa sensa ya 2022, na walimu wakaja kuvipata baadaye. Nilikidharau mwanzoni. Picha iliyo bapa, ndani ya fremu, itamtoa nani hospitalini?

Kilichonibadilisha ni dripu ya sita. Nilikiegesha juu ya mto mapajani mwake, kikionyesha maporomoko ya maji, kamera moja, imesimama, bila msimulizi. Aliangalia, akasinzia, akaamka, maji bado yanashuka. Muuguzi alipokuja kubadilisha chupa waliongea kama kawaida. Mama wa kiti cha pili akasogeza shingo, mama mdogo akakigeuza kidogo ili wote waone. Saa nzima iliyofuata walikuwa wakibishana kwa sauti ya chini kama pale pana samaki au hapana. Miwani isingeweza kuwapa hiyo. Miwani inamtoa mgonjwa chumbani, na inamtoa peke yake.

Tena kutazama tu kuna ushahidi wake wa zamani. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha kwenye jarida la Science ulinganisho wa wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo. Nusu walikuwa na dirisha linaloangalia miti, nusu linaloangalia ukuta wa matofali. Wa miti walitoka hospitali mapema kidogo na wakahitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Ulikuwa utafiti mdogo na haukuhusu saratani, lakini unatosha kunifanya nikiheshimu kidirisha kidogo kinachoonyesha maji.

Udhaifu wake ni kwamba hakifichi kitu. Bomba la dawa nyekundu analiona, harufu ya spiriti na kelele za wodi zinamfikia. Kwa anayeogopa sindano, hapo miwani inakishinda wazi. Kwa saa tatu za paclitaxel, kishikwambi kinaishinda miwani, na hata simu ya skrini kubwa inaishinda.

Sauti, na kosa langu la ziwa

Kabla ya dripu ya kwanza nilikwenda Kibirizi, mwalo wetu wa Ziwa Tanganyika, alfajiri, mitumbwi ikirudi na taa zake, nikarekodi kwa simu. Mawimbi, injini zikizimwa moja moja, kina mama wanaogombea bei ya dagaa, mtoto anaita. Niliona nimempa mama mdogo zawadi ambayo hakuna duka lingeiuza. Akawekewa masikioni kwenye dripu ya kwanza na ya pili, akafunga macho, akatabasamu.

Wiki ya tatu baada ya ile dripu ya pili, akiwa na nguvu, tulishuka naye ufukweni Ujiji jioni kupunga upepo. Hatukufika majini. Mawimbi yaliposikika tu alinishika mkono kwa nguvu, akageuka, akatapika kwenye mchanga. Hakuwa amekula kitu kibaya. Alisema, "Nimesikia dripu."

Mwili unajifunza hivyo. Kinachoambatana na sumu ya kemo, mwili unakihesabu kuwa ni sumu, hata ukiuambia sivyo. Mwaka 1978 Ilene Bernstein alionyesha jambo hili kwa watoto waliokuwa kwenye kemo: waliopewa aisikrimu ya ladha ngeni kabla ya dawa, baadaye wengi wao waliikataa ladha ileile. Wagonjwa wengi huanza kichefuchefu wakiona tu geti la hospitali. Mama mdogo mpaka leo juisi ya rozela haimpiti kooni, kwa ajili ya ile rangi.

Na hili ndilo nililokuja kulisema kuliko yote yaliyotangulia. Watu wakipanga kumtuliza mgonjwa, wazo la kwanza ni kumpeleka anapopapenda. Siku hizi kamera za nyuzi 360 zipo, mtu anaweza kuisimamisha Katonga, ufukweni hapa kwetu, au kwenye msitu wa Gombe, akarekodi, na mgonjwa wa Kigoma aliyelazwa hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, akavaa miwani akajikuta kwao. Ni wazo zuri na nalipenda. Lakini lisikae kwenye kiti cha dripu. Mahali pa kiti cha dripu pawe pageni, pasipo na kumbukumbu: misonobari ya Norway, theluji, bustani ya Japani. Mwili ukipachukia, mgonjwa hajapoteza kitu, maana hatapita huko akienda sokoni. Ziwa lake mwachie. Mpe siku ya 18 au ya 19 baada ya dripu, akiwa nyumba ya kufikia, kula kunampendeza na anaulizia wa nyumbani.

Ziwa lilirudi kwa mama mdogo, lakini lilichukua miezi baada ya kemo kwisha, tukianzia mbali, kwenye baraza, upepo ukileta sauti kidogo.

Mbali na hilo, sauti ina faida zake. Spika za masikioni hazina uzito, hazileti kizunguzungu, zinafaa usiku macho yanapouma na mwanga. Na si lazima iwe ndege na mito. Mama mdogo alipendelea kisomo cha Kurani, akakiweka cha usiku tu, mbali na dripu, kwa hiari yake mwenyewe. Wa kitanda cha pili alikuwa na kwaya yake.

Kivuli

Kwa siku za nyumbani sina cha kulinganisha. Kiti, mkeka, mwembe, mtu wa kuzungumza naye. Angalieni mawili: wiki kinga ikiwa chini asichimbe wala kupalilia, na kiti kisiwe upande ambao upepo unaleta harufu ya dagaa wanaoanikwa. Jua kali la mchana pia limpite, kwa kuwa baadhi ya dawa hizi zinaifanya ngozi iungue haraka.

Nilivyomjibu mzee, safari hii kwa ukamilifu

Quest 3S ilipotoka mwaka 2024 iliuzwa karibu dola 300 Marekani. Kwa dola ya shilingi 2,500 hiyo ni laki saba na nusu, kabla ya usafiri na kodi. Kwa familia moja yenye safari nane za Mwanza, hela hiyo ni nauli ya mgonjwa na mwangalizi kwa dripu zaidi ya moja. Dripu iliyokosa nauli ni hatari kubwa kuliko dripu iliyokuwa ndefu. Kwa hiyo nilimwambia asinunue.

Ningesema vingine kama angekuwa anauliza kwa niaba ya wodi au kikundi cha akina mama waliopona. Miwani moja inayopita kwa watu thelathini, yenye kifuniko cha kufutika na mtu mmoja aliyekabidhiwa kuichaji na kuisafisha, hiyo ingefanya kazi yake. Na kama mke wake anaogopa sindano mpaka anatetemeka, basi waazime, aijaribu nyumbani akiwa ameketi, dakika tano, wiki moja kabla ya dripu ya kwanza. Ikimlevya siku hiyo, dawa ikiwa haijaingia mwilini, jibu limepatikana.

Kishikwambi atatumia cha binti yao mwalimu wa Kasulu. Pawabenki ninayo, nitamwazima. Jana nimemnakilia kwenye kadi ya kumbukumbu video tatu, kila moja ya saa moja na zaidi: kijito cha msitu wa Norway, mvua juu ya paa la mbao, na theluji ikianguka bila upepo. Mzee aliniomba niongeze na ile ya Kibirizi, kwa kuwa mkewe amezaliwa palepale. Nimeiweka kwenye simu ya mzee, imwekewe akisharudi.